Sensa za moshi kwenye Hilux yangu ya 2006: nilivyojifunza kuzisoma kabla ya kuzibadilisha

Pikapu ninayoitumia kubebea nyanya na vitunguu kutoka Ilula ni Toyota Hilux ya mwaka 2006, yenye injini ya petroli ya 2TR-FE, silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,694. Kwa miaka mitatu ya mwanzo sikuwahi kujiuliza ina sensa ngapi wala zinafanya kazi gani, mpaka siku niliyokuwa narudi nyumbani na mifuko ya mbolea, nikaanza kupanda Mlima Kitonga nikitokea Ruaha Mbuyuni, na taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka kwenye dashibodi. Gari halikupoteza nguvu wala halikutoa sauti ngeni. Nilipofika juu na kusimama ndipo nilipohisi kwamba sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inacheza: mshale wa mzunguko unapanda, unashuka, unapanda tena, na usukani unatetemeka kidogo mikononi.

Kesho yake nililipeleka gereji. Fundi alichomeka mashine yake kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, akasoma msimbo P0171, akasema, “Kaka, sensa ya oksijeni imekufa.” Nilinunua mpya kwa shilingi 180,000, akaifunga, akafuta msimbo, taa ikazima. Siku ya nne ikawaka tena kwa msimbo uleule. Tukabadilisha na sensa ya pili ya gari, iliyo nyuma zaidi kwenye bomba la moshi, na hiyo nayo haikusaidia kitu. Sasa nilikuwa nimetumia pesa ya sensa mbili, na zile mbili za zamani, ambazo baadaye niligundua kuwa zilikuwa nzima, zilikuwa zimeshatupwa.

Yaliyofuata baada ya hasara hiyo ndiyo yaliyonisukuma kuandika, kwa sababu naona watu wengi wenye pikapu za umri huu wakipita njia ileile. P0171 haimaanishi kwamba sensa imekufa. Inamaanisha kwamba kompyuta ya gari imeona katika moshi kwamba hewa imezidi kipimo kinachotakiwa kwa petroli iliyopo, na kwamba aliyeileta habari hiyo ni sensa ya oksijeni. Mara nyingi sensa iliyotajwa ndiyo pekee iliyokuwa ikisema kweli, na kuing'oa ni sawa na kumfukuza mlinzi aliyepiga yowe.

Sensa yenyewe ni kifaa rahisi kuliko bei yake. Ndani yake mna kidole cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platini ndani na nje. Upande wa nje unaguswa na moshi, upande wa ndani unapata hewa safi, na kauri ikishapata moto wa zaidi ya nyuzi 300 hutoa umeme mdogo kulingana na tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo mbili. Petroli ikiwa nyingi na oksijeni ikiwa imekwisha kwenye moshi, umeme hupanda kukaribia volti 0.9, hewa ikizidi, hushuka kukaribia 0.1. Kompyuta inachotafuta ni mpaka ulio katikati, yaani gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Haiwezi kukaa juu ya mpaka huo kwa kutulia, hivyo huongeza petroli kidogo, hupunguza, huongeza tena, mara nyingi kwa dakika. Ndiyo maana sensa nzima ya mbele, ukiitazama kwenye kioo cha simu injini ikiwa imepata moto, haitulii. Ikitulia, hapo ndipo pa kuitilia shaka.

Kifaa hiki kilitengenezwa na Bosch na kikawekwa kwanza kwenye magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani mwaka 1976. Sababu ya kukiweka ilikuwa masega, lile bomba nene kwenye ekzosi lenye kauri ya matundu madogomadogo iliyopakwa platini, paladi na rodi. Masega yanaweza kuigeuza kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni kwa pamoja kuwa gesi zisizo na madhara makubwa kwa mtu anayezivuta, lakini yanafanya hivyo vizuri pale tu mchanganyiko unapokuwa karibu sana na ule uwiano wa 14.7. Bila sensa, masega hayawezi kufanya kazi yake. Bila masega, sehemu kubwa ya kazi ya sensa inapotea.

Sasa nirudi kwenye P0171. Aliyenifungua macho ni fundi umeme mmoja wa Iringa mjini, kijana mtulivu ambaye hakuanza kwa kufungua kitu. Alichomeka kifaa kidogo kinachozungumza na simu kwa blutuuthi, cha aina ambayo siku hizi mtu yeyote anaweza kukinunua, akaniambia nitazame namba moja tu: marekebisho ya petroli ya muda mrefu. Hiyo ni asilimia ambayo kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza juu ya kipimo chake cha kawaida. Kwenye gari zima huwa karibu na sifuri, na ikizidi 10 juu au chini kuna jambo. Langu, likiwa limesimama linanguruma, lilionyesha 24 juu. Akakanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kulishikilia hapo. Namba ikaanza kushuka, ikafika 6.

“Mzee,” aliniambia, “kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma.”

Maelezo yake yaliniingia akilini mara moja. Hewa yote ya injini inatakiwa kupita kwenye sensa ya hewa, iliyo baada tu ya chujio, ili kompyuta ijue ni gramu ngapi zimeingia. Palipo na ufa baada ya sensa hiyo, hewa fulani huingia bila kuhesabiwa. Gari likiwa limesimama injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile inayoibiwa ni sehemu kubwa ya jumla. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inaongezeka sana na ile ya wizi inabaki karibu ileile, hivyo kosa linapungua. Ingekuwa pampu ya petroli imechoka au filta imeziba, namba ingekwenda kinyume, ikizidi kupanda kadiri injini inavyodai mafuta. Kwa kutazama namba ileile mara mbili, kwanza gari likitulia na kisha likikanyagwa, nusu ya injini ilikuwa imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Ufa ulikuwa kwenye mpira mnene unaotoka kwenye nyumba ya chujio kwenda kwenye throto, yaani mlango unaopitisha hewa kuingia kwenye injini, upande wa chini, ndani ya mikunjo. Kwa macho haukuonekana. Tulipoukunja kwa mkono ulifunguka kama mdomo. Tulibadilisha mpira huo kwa sehemu ndogo ya bei ya sensa moja. Baada ya siku mbili za kuendesha, namba ilikuwa 3, na sailensa ilikuwa imetulia.

Tangu hapo nimenunua kifaa kile na huwa nalipima gari mwenyewe kila mwezi. Jambo la pili nililoligundua halikuwa na msimbo wala taa. Nikishuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, mguu ukiwa nje ya mafuta, joto la maji ya injini lilikuwa likishuka hadi nyuzi 61. Injini hii inatakiwa kufanya kazi ikiwa na nyuzi 80 na zaidi, na themostati ndiyo inayolinda hilo kwa kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto wa karibu nyuzi 82. Nilipofungua nyumba ya themostati nikaikuta tupu. Mwenye gari wa kabla yangu, au fundi wake, aliitoa na kuitupa.

Nataka niseme wazi juu ya jambo hili kwa sababu limeenea mno. Mafundi wengi huitoa themostati wakiamini kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Ulaya. Kwa gari la zamani la kabureta madhara hayakuonekana haraka. Kwa gari la sensa, kompyuta husoma joto la maji na kuamua petroli kiasi gani imwagwe. Ikiona nyuzi 60 inadhani injini bado haijachangamka, na humwaga zaidi. Ile ziada haiungui yote, moshi unakuwa mzito, masizi yanapaka ncha ya sensa ya oksijeni, na masega yanapokea petroli mbichi ambayo huungulia ndani yake na kuyapandisha joto kupita kiasi. Asubuhi za Juni na Julai huku Iringa, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, gari langu lilikuwa linakwenda nusu saa nzima likijidhania baridi. Niliweka themostati mpya na maji mapya ya rejeta yenye dawa. Kabla ya hapo nilikuwa napata kilomita 6 kwa lita nikiwa na mzigo. Sasa napata 7 na zaidi kidogo.

Sensa ya hewa ndiyo inayohitaji mkono wa mwenye gari kuliko zote, na ndiyo rahisi kuihudumia. Ndani yake mna waya mwembamba sana unaopashwa joto kwa umeme. Hewa inayopita inaupoza, na kiasi cha umeme kinachohitajika kuurudishia joto lake ndicho kipimo cha hewa. Vumbi likiushika, waya unajifunika kama mtu aliyevaa koti, unapozwa kidogo kuliko inavyostahili, na kompyuta inaambiwa hewa ni chache kuliko ilivyo. Barabara zetu za mashambani zina vumbi jekundu linalopenya popote, hasa pale chujio linapopulizwa kwa kompresa mara tano badala ya kubadilishwa, maana karatasi yake hutoboka matundu ambayo jicho halioni. Mimi huifungua mara mbili kwa mwaka, skrubu mbili tu, betri ikiwa imechomolewa, naipulizia dawa ya kopo iliyotengenezwa mahususi kwa sensa ya hewa, naiacha ikauke kabisa bila kuigusa kwa kidole, kitambaa wala brashi, kisha nairudisha. Dawa ya kusafishia kabureta isitumike hapa; ni kali, inaweza kuharibu plastiki na kuacha utando kwenye waya. Ikiwa safi na injini ikiwa ya moto, gari langu likisimama sensa hiyo husoma karibu gramu 3 kwa sekunde, na namba hiyo nimeiandika kwenye daftari ili ikibadilika nijue.

Mwaka jana, hatimaye, sensa ya oksijeni ya mbele ilikufa kweli, na msimbo ulikuwa tofauti: P0135. Huu unahusu hita iliyo ndani ya sensa, inayoipasha moto haraka baada ya kuwasha gari ili isisubiri joto la moshi. Safari hii sikununua kabla ya kupima. Gari likiwa limepoa nilichomoa soketi ya sensa na kuweka mita ya umeme kwenye nyaya mbili zenye rangi moja. Kwenye sensa za Denso zenye nyaya nne, nyeusi mbili ni za hita, ya buluu inaleta taarifa, na nyeupe ni ardhi yake. Kwenye za Bosch, nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi inaleta taarifa, na ya kijivu ni ardhi. Hita nzima husoma ohmu chache hadi kumi na kitu kulingana na aina. Yangu haikusoma chochote, maana yake waya wa ndani ulikuwa umekatika. Kipimo hicho kilichukua dakika tano, na kingeniokolea shilingi laki tatu na ushee kama ningekijua mapema.

Katika kununua nilijifunza tahadhari moja ya Toyota ambayo wauza spea wengi hawaisemi. Kuna sensa ya oksijeni ya kawaida, hii niliyoieleza, ambayo namba yake ya Toyota huanza na 89465, na kuna sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo namba yake huanza na 89467. Kwa macho zinafanana, hata soketi wakati mwingine zinafanana, lakini zinazungumza lugha mbili, na ukiweka moja mahali pa nyingine kompyuta itachanganyikiwa kabisa. Soma namba iliyo kwenye ile unayoitoa, au mpe muuzaji namba ya chesisi. Zile za kuunga waya kwa kukata soketi ya zamani sizipendekezi: sensa nyingi hupata ile hewa safi ya ndani kupitia katika nyaya zake, na lehemu, gundi au grisi kwenye maungio huziba njia hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, soketi ya sensa haipakwi grisi.

Kuing'oa ya zamani kunahitaji subira. Nyingi zina kichwa cha spana namba 22, ingawa baadhi ya Toyota hufungwa kwa nati mbili. Injini iwe ya vuguvugu, si ya moto wa kuunguza, kwa kuwa chuma kilichopoa kabisa hukumbatia nyuzi za skrubu na unaweza kuziharibu. Mpya inawekwa dawa kidogo ya kuzuia kushikana kwenye nyuzi tu, isiguse ncha, na nyingi huja zimeshapakwa. Sensa nzuri yenye hita inaweza kufika kilomita 160,000, ila tu kama injini haiitii sumu.

Kuhusu sumu hiyo, ya kwanza kihistoria ilikuwa risasi iliyochanganywa kwenye petroli, ambayo hupaka platini na kuiua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia mwanzo wa 2006, na bila hatua hiyo pikapu yangu isingeweza kuishi na sensa hata mwaka mmoja. Zilizobaki leo tunazitia sisi wenyewe. Silikoni ya kawaida ya kubandikia gasketi, ikipakwa kwa wingi kwenye kifuniko cha vali, hutoa mvuke unaoingia kwenye injini na kuiacha ncha ya sensa ikiwa nyeupe kama chokaa. Ipo silikoni iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa, na hiyo ndiyo ya kuulizia dukani. Injini inayokula oili huacha ukoko kwenye ncha. Masizi meusi yaliyokauka yanasema petroli imezidi. Kwa hiyo sensa iliyokufa isitupwe kabla ya kutazamwa rangi, maana inaeleza kilichoiua, na kama sababu haijaondolewa, mpya itafuata njia hiyohiyo.

Wenye Hilux za dizeli, zile za 2KD na 1KD, mengi ya haya kwao ni tofauti. Kwao sensa ya hewa na vali ya kurudisha moshi, ambayo huziba kwa masizi, ndizo za kuanza nazo. Sizungumzii gari nisilolimiliki.

Nimeombwa mara mbili niuze masega yangu. Kuna watu wanaopita gereji kwa gereji wakiyanunua kwa ajili ya yale madini, na fundi mmoja aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba gari litapata nguvu nikiyakata na kuweka bomba tupu. Nilikataa, na naomba wenzangu wakatae. Masega yaliyoziba kweli hupunguza nguvu, lakini hayo hupimwa, na kwa kawaida yameziba kwa sababu ya plagi au koili mbovu ambayo haikushughulikiwa. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, si kuwaka tu, ina maana silinda fulani haichomi na petroli mbichi inakwenda kwenye masega. Hapo ni kusimama, kwa kuwa kilomita chache zinaweza kuyayeyusha. Masega mazima hayamnyang'anyi mtu nguvu anayoweza kuihisi akiwa na tani moja ya nyanya. Wanaolipa gharama ya kuyakata ni akina mama wanaopanga matenga sokoni saa kumi na moja alfajiri, magari kumi yakiwa yananguruma nyuma yao, na watoto wao wakiwa wamelala juu ya magunia karibu na mabomba ya moshi. Mimi nami hulishusha mzigo hapo.

Sensa ya nyuma ipo kwa ajili ya kuyachunga masega hayo. Masega yakiwa hai, yanatumia oksijeni yote inayobadilikabadilika, na sensa ya nyuma hutulia kwenye volti 0.6 au 0.7 wakati ya mbele inapanda na kushuka. Zikianza kucheza ngoma moja, masega yamechoka, na msimbo P0420 uko njiani. Hapo nako, kabla ya kununua chochote, sikiliza kama kuna gasketi ya manifoldi inayovujisha, tik-tik-tik wakati wa kuwasha asubuhi, kwa kuwa hewa inayoingia hapo huzidanganya sensa zote mbili.

Kwa anayenunua pikapu ya zamani, nashauri awashe swichi bila kuwasha injini na atazame kama taa ya injini inawaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeitoa balbu. Ikiwaka kisha ikazima vizuri injini inapowashwa, aombe aliendeshe kwa nusu saa na kifaa kikiwa kimechomekwa, kwa sababu misimbo iliyofutwa asubuhi hiyo huwa haijapata muda wa kurudi, lakini marekebisho ya petroli huanza kusogea mapema.

Jumapili iliyopita nililipima langu baada ya safari ya Morogoro: marekebisho ya muda mrefu 4 juu, maji nyuzi 86, sensa ya hewa gramu 3.1, sensa ya nyuma volti 0.68. Mpira wa hewa umeanza kukakamaa tena kwenye mikunjo, na nimeshaagiza mwingine.